Eda Isiyo na Maziko

Kwaruu. Kimya kidogo. Kwaruu tena.

Inspekta Mardhiya alifumbua macho lakini hakujinyanyua. Alikuwa amelala juu ya mkeka ukumbini kwa Bi Moza, Tibirinzi, na mwadhini alikuwa hajaanza bado. Sauti ile ilikuwa ya bati juu ya saruji. Kitu kinasukumwa, kinasimama, kinasukumwa tena. Ndiyo iliyomleta kulala hapa. Jana Bi Moza alimshika mkono akamwambia, "Kila siku kabla ya alfajiri, mwanangu. Njoo usikie mwenyewe, mie kulieleza siwezi."

Mardhiya aligeuza shingo taratibu. Suhaila, mjukuu wa Bi Moza, mtoto wa miaka saba, alikuwa amepiga magoti anasukuma sahani ya bati kwa vidole viwili kuelekea mlango wa uani. Alipoifikisha aliinama, akachungulia upenyo wa chini ya mlango, akaona sahani haipiti, akaiacha hapo hapo. Kisha akarudi chumbani kwa mamake huku ameambaa na ukuta. Tangu arudishwe nyumbani, mtoto yule hakuwa ametamka neno.

Mardhiya aliinuka akaitazama sahani. Ndani yake mlikuwa na kipete kidogo cha ukindu, kimesukwa kwa nyuzi tatu, ncha zake zimefichwa ndani vizuri. Ukindu wenyewe ulikuwa umechomolewa kwenye ukingo wa mkeka aliokuwa amelalia yeye.

"Umemwona?" Bi Moza alikuwa amesimama mlangoni kwake, tasbihi mkononi.

"Nimemwona. Hiki kipete kila siku kimo?"

"Kila siku. Nnavyo kopo zima. Mikeka yangu yote itakwisha, na iishe tu."

"Anakitia kwa nini?"

Bi Moza alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu hunawa mikono kabla ya kula. "Sahani hairudi tupu, Inspekta! Jirani akikuletea chakula, sahani yake utaitia kitu. Ndimu, ndizi, hata chumvi. Nimemfunza mwenyewe, hata maneno hajayajua vizuri."

"Sahani ya jirani."

"Ya jirani, ndiyo."

"Na ya mtu wa nyumba moja?"

"Hiyo unaiosha unaiweka. Utamrudishia nani?"

Mardhiya alikaa juu ya mkeka na kipete kiganjani. Usingizi ulimwisha wote. Basi huko walikofungiwa palikuwa na jirani.

Kesi hii ilimkosesha raha tangu siku ya kwanza. Mwanzoni mwa masika, Rahila, binti wa Bi Moza, alikuwa anatoka Gombani jioni na mwanawe. Gari likasimama, mtu aliyejifunga kitambaa usoni akamnyakua mtoto akamtia ndani, na mama akapanda mwenyewe kumfuata mwanawe. Wakafungiwa chumba kimoja mpaka karafuu za mwanzo zilipoanza kuanikwa barabarani. Alfajiri moja Abdulnasir, mtoto wa ami yake Rahila, akawakuta kando ya barabara ya Micheweni wamefungwa macho, akawapakia akawaleta kwao. Kisiwa kizima kilimwombea dua.

Aliyekuwa mahabusu ni Fahmi, mume aliyeachana na Rahila kwa talaka moja na ambaye, kabla ya kupotea kwao, alikuwa akija kuzungumza habari za kurudiana. Rahila alisema huko kifungoni alisikia mawe yakigongwa kutwa, na Fahmi biashara yake ni kokoto. Tena aliwahi kusema mbele ya watu kwamba mwanawe atamchukua, apende mtu asipende. Mkuu wa Mardhiya alitaka jalada lipelekwe kwa mwendesha mashtaka kesho.

Na kesho hiyo hiyo, baada ya sala ya Ijumaa, Abdulnasir alikuwa anamuoa Rahila.

"Kanirudishia mwanangu na mjukuu wangu," Bi Moza alisema kila alipoulizwa. "Mtu kama huyo nimnyime nini?" Rahila alipoulizwa yeye, alijibu, "Sawa." Lakini Rahila siku hizi alijibu sawa kwa kila jambo. Chai au uji? Sawa. Tufunge dirisha au tuliache? Sawa. Hiyo sawa ndiyo iliyomwasha Mardhiya kama upupu.

*

Kulipopambazuka alimkuta Rahila uani, amekaa kwenye kibao cha mbuzi bila nazi, vidole vyake vikichokoa uzi wa kanga. Mardhiya alikaa chini, si mbele yake bali ubavuni.

"Leo sikuulizi habari za yule mtu," alisema. "Nataka kujua mlikula nini."

Rahila alinyanyua macho kidogo. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.

"Boflo," alisema. "Mkate mtupu wa dukani, na maji. Anarusha mfuko ndani, anafunga."

"Siku zote?"

"Siku nyingine kilikuja chakula cha mtu."

"Cha mtu?"

"Kilichopikwa na mtu. Ugali wa mtama, mchuzi. Kilipita chini ya mlango wa nyuma. Ule mlango umeliwa na mchwa, sahani bapa inapenya. Kinakuja kabla ya alfajiri, na sahani inafuatwa kukianza kupambazuka."

"Nani alikuwa akileta?"

"Mtu wake." Vidole viliongeza kasi. "Aliniambia mwenyewe. Yeye siku zote hunong'ona, sauti yake siijui. 'Anayeleta chakula ni mtu wangu, kila utakalosema litanifikia, na mtoto ataondoka.' Basi nikanyamaza. Nikawa nasikia anavyohema pale nje, karibu hivi, nami nimeziba mdomo wa mwanangu."

"Na kipete?"

"Suhaila huyo. Nilimkataza. Wakati ule alikuwa anasema bado. Akaniambia, 'Bibi kasema hairudi tupu.' Nikaona nikimnyang'anya na hili, atabaki na nini?"

Jogoo wa jirani aliwika, Rahila akashtuka, akatulia.

"Chakula chenyewe kilikuwaje? Hata jambo dogo."

Vidole vilisimama. "Samaki wa Suhaila alikuwa hana miiba," alisema Rahila, kama anayelisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza kinywani mwake. "Sahani moja, vipande viwili. Changu na miiba yake, chake kimechambuliwa."

Mardhiya alishusha pumzi. Kwa miaka yote aliyoshika kazi ya upelelezi alikuwa hajasikia mlinzi wa mateka anayechambua miiba. Aliyefanya vile alijua kwamba ndani mna mtoto, na hakujua kwamba mtoto yule amefungwa.

"Nje ulisikia nini zaidi ya mawe?"

"Watoto. Mwanzo walikuwa wanacheza karibu. Kisha mwanamke akawafukuza, 'Hapa hapachezwi, nendeni kule!' Hawakurudi tena. Na wanaume wakipita, wanakohoa tangu mbali, wanageuza njia."

"Hodi hodi wenyewe!"

Abdulnasir aliingia na kikapu cha maandazi ya moto. Alikuwa mtu wa makamo, kofia yake safi, kanzu imepigwa pasi. Alimwamkia Bi Moza kwa kumbusu mkono, na kabla hajaketi alichukua ndoo, akaenda bombani, akaja kuujaza mtungi wa uani. Alitoa hanchifu nyeupe mfukoni, akaikunja, akaitandaza kwenye mdomo wa mtungi, akamimina maji polepole yakichujika.

"Bomba la siku hizi lina mchanga, mama," alisema.

"Mungu akupe, baba. Hata wanangu wa kuzaa hawanifanyii hivi."

Mardhiya mwenyewe aliona kwamba ni jambo zuri. Aliona pia kwamba Suhaila, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mamake, alichukua sahani yake, akaingia nayo chumbani, akapotea chini ya kitanda.

"Anakuonea haya," Bi Moza alicheka.

"Atanizoea," alisema Abdulnasir. "Inspekta, chai unayo? Kula andazi basi, utakonda kwa kesi za watu."

"Nitakula. Hebu nieleze tena siku ile barabarani."

"Hii mara ya ngapi? Haya. Nilikuwa natoka Micheweni kutafuta mwani wa kununua. Alfajiri, taa za gari zikawamulika. Nikadhani mizigo. Kumbe ndugu zangu."

"Kule ulifikia kwa nani?"

"Simjui mtu kule. Nililala garini."

"Hata mzee mmoja wa kukupa maji ya kunywa?"

"Hata mmoja." Alitabasamu. "Inspekta, mimi Fahmi nishamsamehe. Sheria ifuate mkondo wake. Kesho njoo ule biriani."

Aliaga kwa adabu ile ile, akaondoka kwenda kuwahimiza wa mahema na viti. Rahila hakuwa amenyanyua macho tangu Abdulnasir aingie. Suhaila hakutoka chini ya kitanda mpaka mlio wa gari ulipokwisha kabisa.

Mardhiya alizunguka uani, akarudi, akazunguka tena. Bi Moza aliacha kukosha vikombe. "Kaa, mwanangu, unanitia kizunguzungu."

"Bi Moza, nikwambie kitendawili. Nyumba ambayo watoto wanafukuzwa wasipige kelele karibu yake. Wanaume wanakohoa na kukwepa dirisha. Hakuna anayegonga mlango. Lakini chakula kinapelekwa. Nyumba gani hiyo?"

Bi Moza hakufikiri hata kidogo. "Ina eda. Mna mjane ndani, mumewe kafa, anakaa miezi yake asionwe na wanaume. Watu wanamstahi." Kisha kikombe kilimponyoka kikaanguka kwenye beseni. "Yarabi. Kwani walisema mwanangu kafiwa?"

*

Koplo Jabir, mtu mzima aliyekaribia kustaafu na aliyemjua kila sheha wa vijiji vya kaskazini kwa jina na kwa deni la utani, alipiga simu akiwa usukani, gari limesimama mbele ya nyumba. Sheha wa tatu, wa upande wa Micheweni, ndiye aliyekuwa na jambo.

"Wenye eda msimu wa masika?" Sauti ilisikika gari zima. "Hapa kwangu walikuwa wawili. Mmoja mumewe nilimwosha kwa mikono yangu. Wa pili yule mgeni wa Unguja, kaka yake alimpangishia nyumba ya mwisho, kule mawe yanakogongwa. Na mtoto wake. Mume alizikwa huko huko Unguja."

Mardhiya alichukua simu. "Shikamoo, sheha. Nani wa kwenu alikwenda mazikoni?"

"Marahaba. Unguja mbali, Inspekta. Hakuna."

"Hitima ilisomwa hapo kijijini?"

"La."

"Marehemu aliitwa nani?"

Sheha alisema kwa sauti ndogo, "Sasa unavyoniuliza hivyo naona haya. Eda tuliiona. Maziko hatukuyaona, na hakuna aliyeuliza."

"Usiingie mle ndani. Usimwambie mtu. Tunakuja."

Njia nzima Mardhiya hakutulia. Alifungua dirisha, akalifunga. Alimwambia Jabir aongeze mwendo, kisha akamwambia apunguze, karafuu za watu zimeanikwa. Simu ya mkuu wake iliita mara mbili na mara zote alijibu, "Jalada litafika, afande." Walipopita Konde ardhi ilianza kubadilika, udongo mwekundu ukaisha, mawe ya matumbawe yakajitokeza kama mifupa, na harufu ya mwani uliotandazwa juani ikaingia garini.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mawe, mabati yake yamekula kutu, mlango umefungwa kwa kufuli. Ng'ambo ya njia, chini ya kivuli cha makuti, kina mama walikuwa wanagonga kokoto. Ko, ko, ko. Mardhiya alisimama akasikiliza. Mawe yanagongwa kisiwa kizima, alifikiri, nasi tukakimbilia kwa Fahmi kwa sababu yeye anayauza.

Hakwenda kwenye nyumba ile. Alikwenda ya jirani, kibanda cha udongo kilichofagiliwa mpaka kikang'aa, akapiga hodi.

Mwenye kibanda, Bi Mwanawema, alikuwa mwembamba, jicho moja limefanya ukungu. Aliwatandikia mkeka na kuwapa maji kabla hajawauliza wametoka wapi. Sheha, aliyewapokea njiani, alikaa karibu na mlango, kichwa chini.

"Bi mkubwa, nimekuja kuuliza habari za yule mjane aliyekaa jirani yako," Mardhiya alisema.

Uso wa bibi ulichangamka. "Wapo salama? Nilikuwa nawauliza kila mtu. Siku ile nakwenda na sahani yangu, nakuta kimya. Kaka yake alikuja akaniambia eda imekwisha, kawapeleka bandarini. Nikamwambia, hata kuagana, baba? Akasema dadake hapendi kuaga."

"Uliwahi kumwona?"

"Abadan. Kaka yake alinikataza kuingia. Alisema msiba umempiga dadake vibaya, sauti za watu hawezi kuzisikia. Basi nami nikasimamia. Watoto niliwafukuza mwenyewe kwa ufagio. Wanaume niliwaambia, mkipita hapa kohoeni mwondoke, mna mwenye eda." Alilisema hilo kwa fahari ya mtu aliyetunza amana. "Lakini njaa haina eda. Nikawa napeleka sahani alfajiri, yeye kaka mtu hayupo, naipitisha chini ya mlango. Alipokuja kujua akasema haidhuru, mradi nisitie sauti. Sisemi kitu. Nasikia mtoto anahema. Nikajisemea, Mwanawema, usitie neno, mfiwa hataki sauti."

Jabir alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje," Mardhiya alisema polepole. "Hukuuliza?"

"Niliuliza! Akaniambia dadake anaweweseka usiku, asije akatoka akavunja eda. Nikamwona ana dini." Bibi aliwatazama mmoja mmoja. "Kijana mwenye adabu sana yule. Bakari jina lake. Hawezi kupita hapa asinijazie pipa langu. Na maji hayatii hivi hivi, hutoa hanchifu yake nyeupe akayachuja. Ndoo ya dadake vile vile, huichuja kwanza ndipo akaiingiza ndani."

Mawazo ya Mardhiya yalirudi uani asubuhi ile. Alimwona Suhaila akichukua sahani na kwenda chini ya kitanda. Mtoto hakuwa na haya. Mtoto aliiona hanchifu.

Alijizuia. Akatoa simu akamwonyesha bibi picha za wanaume sita wa makamo, moja baada ya moja, sheha akishuhudia, Fahmi naye akiwemo. Kwa Fahmi bibi alitikisa kichwa. Kwa picha ya tano alitabasamu.

"Huyu. Mwanangu huyu. Kafanyani?"

Mardhiya alimshika mkono, akamweleza. Alieleza kwa maneno machache, bila kuficha na bila kupamba. Bi Mwanawema alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alinyanyuka, akaenda pembeni, akarudi na kifuu cha nazi kilichojaa vipete vya ukindu, vya kijani na zambarau.

"Nilidhani ni shukurani ya mfiwa," alisema. "Mkeka wa mle ndani ni wangu, nilimpa kaka mtu ampelekee dadake wa kuswalia. Nikaona ukindu wangu unanirudia, nikasema haidhuru, mwenye huzuni mikono yake hutafuta kazi. Kumbe nilikuwa nalisha jela." Alikiweka kifuu mkekani. "Tena nikailinda. Kwa ufagio wangu mwenyewe."

"Wewe ndiye uliyemtolea mtoto miiba?"

"Samaki wa tasi ana miiba mingi, mwanangu. Mtoto angepaliwa."

"Basi hilo ndilo lililonileta hapa, bi mkubwa. Si jingine."

Walivunja kufuli mbele ya sheha. Chumba kilikuwa na giza na harufu ya kufungika, dirisha limezibwa kwa mbao. Pembeni palikuwa na mkeka, kijani na zambarau, ukingo wake mmoja umechokolewa mpaka umebaki nyuzi. Chini ya mlango wa nyuma mchwa walikuwa wameacha upenyo wa sahani bapa. Jabir alipiga picha, akaukunja mkeka, akautia alama. Mardhiya alipiga magoti sakafuni, akaweka shavu karibu na saruji kama mtoto angeweka, akachungulia. Kutoka pale kilionekana kipande cha mchanga, kizingiti cha nyumba ya Bi Mwanawema na pipa lake la maji.

Alipotoka nje alimkuta bibi ameshajifunga buibui, sahani yake ya bati imo kwapani.

"Nakwenda nanyi," alisema. "Kama mama wa mtoto atanitukana, na anitukane. Haki yake."

*

Walifika Tibirinzi baada ya alasiri. Mahema yalikuwa yamesimama, kina mama wanachambua mchele, na Abdulnasir alikuwa uani, ndoo mkononi. Mardhiya alimwacha Bi Mwanawema garini na Jabir, akaingia peke yake.

"Inspekta! Biriani ni kesho, umewahi."

"Nina swali moja tu, nifunge jalada. Bi Moza, njoo usikie. Rahila, nawe." Alingoja wote wafike. "Abdulnasir, umesema Micheweni humjui mtu."

"Simjui."

"Na hakuna mtu wa kule anayekujua."

"Atanijuaje?"

Mlango wa uani ulisukumwa. Bi Mwanawema aliingia taratibu, jicho lake zima likitafuta, mpaka likamwona.

"Bakari, mwanangu," alisema. Hakupandisha sauti.

"Shikamoo, Bi Mwana..."

Ilimtoka kama pumzi. Alikuwa ametiwa adabu tangu utotoni, na adabu ile haikumngoja afikiri. Ndoo ilimponyoka ikaanguka, maji yakapita kati ya miguu ya wanawake waliochambua mchele, na hakuna aliyejiondoa.

"Marahaba," alijibu Bi Mwanawema, naye machozi yakamshuka.

Jabir alikuwa ameshasimama nyuma ya Abdulnasir. Mardhiya alimsomea haki zake. Alipomaliza, mtu yule alimgeukia Rahila, si Mardhiya.

"Sikukugusa hata ukucha. Ulikuwa unarudi kwa Fahmi. Nilitaka uone ni nani anayekutoa kwenye shida."

"Shida uliyoitengeneza," alisema Mardhiya.

"Maji nilimchujia. Mfuko wa boflo sikukosa kuuleta. Muulizeni!"

Bi Moza alikuwa ameketi chini, mkono kichwani. "Nilikubusu kichwa," alisema. "Nilikupa binti yangu."

Wote walimtazama Rahila, nao walilitazamia lile neno lake moja. Vidole vyake vilikuwa vimetulia juu ya kanga.

"Hapana," alisema Rahila. Alisita, kama anayelionja. "Sitaki. Nikahi hakuna. Mtoeni nyumbani kwetu."

Walimtoa. Mardhiya alipiga simu kwa mkuu wake, akaripoti kwa ufupi, na neno la mwisho alilolisema ni kwamba Fahmi aachiwe kabla ya magharibi, tena mtu amwombe radhi, asiachiwe kama mbuzi. Alikata simu. Alichukua ndoo iliyoanguka akaiweka wima. Alihitaji kufanya kitu.

Uani palibaki wanawake. Bi Mwanawema alikuwa amesimama pale pale, hajui akae au aondoke.

"Rahila, binti yangu, mie ndiye niliyekuwa nje ya mlango," alisema. "Ningesema neno moja tu. Nakwomba radhi."

"Nami ningesema moja," Rahila alijibu. "Nilikuogopa. Nilidhani u mtu wake."

"Mie nilidhani u mfiwa."

Walitazamana wanawake wawili ambao kwa msimu mzima walitenganishwa na ubao mmoja. Rahila alisogea kwenye mkeka akaacha nafasi. "Kaa, bibi. Ulikuwa unamtolea mwanangu miiba."

Suhaila alitokea mlangoni. Aliitazama mikono ya yule mgeni, kisha sahani iliyokuwa kwapani mwake, kingo zake zimebanduka rangi sehemu moja. Aliijua. Akaja, akaichukua, akarudi nayo ndani. Mardhiya alisikiliza. Alitarajia ile kwaruu ya bati juu ya saruji.

Haikuja. Mtoto alitoka ameibeba kwa mikono miwili, kifuani, na ndani yake alikuwa ametia ndimu mbili na kipete. Alimkabidhi Bi Mwanawema bila kusema kitu, akakaa baina yake na mamake.

Mardhiya alijua kwamba sahani ile ni kielelezo, na kwamba itabidi aichukue. Aliamua kwamba mahakama itaweza kungoja robo saa.

Jua lilipoinama Jabir alirudi na gari la kumpeleka bibi kwao. Bi Moza alimfungia maandazi, kisha akakumbuka ni ya nani, akayamwagia kuku, akamfungia mikate aliyopika mwenyewe. Rahila alimsindikiza mgeni mpaka kizingitini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi kusimama kwenye mlango ulio wazi, na Mardhiya aliona jinsi mkono wake ulivyoushika mwimo.

"Bibi," alisema Rahila, "uje tena. Hata iwe alfajiri. Lakini safari hii upige hodi, tukufungulie."